Laana ya Mazoezini

Nilikwenda kwenye mazoezi yale nikiwa na nia ya kumtoa mkwe wangu kwa mkono. Nalepo alikuwa mjamzito wa miezi minne. Mimba mbili za kwanza zilitoka, na hii tulikuwa tunaijua watu watatu tu, yeye, mwanangu Daniel na mimi. Daktari alimwambia apumzike. Yeye akanijibu, "Mama, kuigiza si kubeba zege. Njoo uone mwenyewe." Basi Jumamosi mchana nikafunga duka, nikaenda Sekei, hapa Arusha, kwenye ukumbi wa kikundi chao cha maigizo.

Niliyoyaona mwanzoni yaliniudhi. Watu wazima na akili zao wamelala sakafuni wanahema. Wakainuka, wakazunguka ukumbi mzima bila kwenda popote, huku wakivuta a na o mpaka madirisha yanalia. Mwongozaji wao, kijana anaitwa Elihuruma aliyesomea mambo hayo Bagamoyo, anawapigia makofi kama wamevuna kitu. Nikajisemea moyoni, kama kazi ndiyo hii, mjukuu wangu yuko salama.

Sikutegemea kumkuta Mzee Lesian. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, Mama Daniel, umekuja kutucheka?" Huyu ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Tena ni rika moja na marehemu baba yake Nalepo, na kwa Waarusha rika la baba yako ni baba yako, hakuna mjadala. Ndiye aliyesimama badala ya marehemu siku ya harusi. Alipiga funda la maziwa, akawapulizia maharusi vichwani kuwabariki. Matone yakanipata na mimi usoni. Nikayafuta kwa leso haraka, na ndugu zangu waliotoka Marangu wakacheka. Mimi ni Mchaga na Mlutheri, mambo ya kutemewa niliyaona ushamba, na nilisema hivyo kwa sauti.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa baba anayemlaani binti yake kwa kuolewa asikotaka. Mzee Lesian alikuwa baba, Nalepo ndiye binti, na kwenye mchezo aliitwa Tumaini. Wakaanza. Mzee alikuwa mkavu kabisa.

Elihuruma akawasimamisha. "Mzee, unanisomea matangazo ya kanisani. Sikuamini. Hebu tuweke maandishi pembeni. Tumieni majina yenu wenyewe, mseme kama mko nyumbani. Usicheze, Mzee. Kuwa baba."

Kumbe ndivyo wanavyofanya ili hisia zije. Mzee Lesian akainamisha kichwa kidogo. Alipokiinua hakuwa tena mtu wa kutaniana naye mlangoni.

"Nalepo," akasema. "Mimi baba yako nasema. Mtoto hutamshika. Utakachobeba tumboni kisikae."

"Hapo sasa," akasema Elihuruma. "Hiyo ni moto, Mzee. Rudia, kwa sauti."

Akarudia, safari hii kidole kimemwelekea Nalepo. Jina lake, baba, tumbo, vyote kwa mpangilio uleule.

Kinywa kilichombariki binti huyu mbele ya macho yangu ndicho hicho hicho kilichokuwa kinamlaani. Nalepo alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, akashuka taratibu mpaka akakaa sakafuni. Midomo yake imekuwa myeupe. Na Elihuruma anasema, "Safi sana Nalepo, baki hapo hapo."

Nikasimama mpaka kiti kikaanguka. "Nyamazeni wote. Mzee Lesian, huyo ni mjamzito."

Mkono wa mzee ukabaki hewani. Nimewahi kuona watu wakiletewa habari ya msiba, lakini sijaona uso ukizeeka ghafla namna ile. Akatafuta ukuta akauegemea.

"Sikuambiwa," akasema.

"Tulikuwa hatusemi, Baba," Nalepo akajibu kutoka chini, huku analia. "Tuliogopa."

"Jamani, ni mchezo tu," Elihuruma akasema.

"Wewe uliniambia nisicheze," Mzee Lesian akamjibu. Kisha akasema, "Nataka maziwa, niifute laana."

Elihuruma akakimbilia kwenye meza ya chai akaleta pakiti. Mzee akaitazama, akatikisa kichwa. Alitaka mabichi. Nilikuwa nimeshatoka mlangoni. Nyuma ya ukumbi kuna mama anayefuga ng'ombe wa ndani, ng'ombe huyo nilimsikia akilia wakati nafika. Nilikimbia na viatu vyangu vya kanisani, mimi na mwili wangu huu, nikapita kwenye tope la zizi. Sikumbuki nilimwambia nini yule mama. Nilirudi na kikombe cha plastiki, nusu ya maziwa imemwagikia kwenye kitenge.

Mzee Lesian akapiga funda. Akamwinamia Nalepo, akampulizia kichwani, kifuani, tumboni. Akasema kwa Kiarusha, pole pole, na kila alipotua Nalepo aliitikia kwa jina la Mungu. Sikuelewa hata nusu, lakini na mimi nilikuwa naitikia. Tena nilikuwa nimepiga magoti karibu yake, sijui tangu saa ngapi.

Alipomaliza, Elihuruma akapangusa macho, maana naye alikuwa analia. Kisha akasema, na mpaka leo nashindwa kuamini kwamba alisema, "Mzee, hiyo lazima iingie kwenye mchezo. Naomba turudie, nione waigizaji wa nyuma wamekaaje."

"Hii hairudiwi," akasema Mzee Lesian. Akachukua kofia yake akatoka.

Nikamwinua Nalepo, tukatoka na sisi. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo, na sikumficha. Barabarani watu walitutazama. Nalepo akasema, "Mama, una maziwa usoni." Nikamwambia najua. Leso ilikuwa mkononi, na sikuyafuta.