Maji Makongwe Kuliko Jua

Hodi ilipigwa mchana kweupe, jua la kijiji cha Kolo likiwa limekaa utosini. Naima hakuitambua sauti. Alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga, akamkuta uani mwanamume mrefu mwenye fimbo begani, makubazi yake yamejaa vumbi. Nyuma yake ndama watatu walikuwa wameinamisha vichwa kama wafiwa.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Naitwa Mazengo, natoka pande za Chemba. Lambo letu limekauka, na mama za ndama hawa wamenifia njiani. Chakula siombi. Naomba maji yao tu."

Naima aliwatazama ndama. Majuzi ng'ombe wa wapita njia walilala kwenye mtama wa watu, na kulipokucha shamba lilikuwa mabua matupu. Kijiji kikakaa kikao, kikaapa: mfugaji mgeni asiguse maji ya kisima, na atakayempa atakosa zamu zake mbili za kuchota maji. Mikono yote ilinyooshwa, isipokuwa wa Naima.

Ndani alikuwa na maji ya kupikia tu. Akayaleta kwenye beseni, ndama wakalowesha ndimi, yakaisha.

"Kesho asubuhi ni zamu yangu kisimani," alisema. "Watakunywa washibe. Nakuahidi."

"Unamwahidi mtu usiyemjua?"

"Si ndio nimekujua sasa hivi?"

Asubuhi foleni ya ndoo ilikuwa ndefu. Naima alifika na Mazengo na ndama wake, na mazungumzo yakakatika. Baba mdogo wa Naima, jina lake Msafiri, mwenyekiti wa kamati ya maji, alisimama mbele ya bomba la kisima.

"Hao ni wa nani?"

"Shikamoo, ba'mdogo. Wa mgeni wangu."

"Marahaba. Mgeni gani? Si ndugu, si jirani. Angekuwa hata mtani wetu ningesema anatuchokoza tu."

"Ni mtani wetu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya dunia."

Joha, jirani yake Naima, akapiga makofi. "Haya jamani, chuo kimefunguliwa! Tukae chini?"

"Kaeni," Naima alisema. Alikuwa amesoma fizikia Dodoma miaka mitatu, akarudi na cheti na bustani ya nyanya, ajira bado. "Ba'mdogo, wewe ndiye uliyenifundisha utani ulikotoka. Watu walipigana, wakachoka kuzikana, wakaamua kutaniana. Sasa mimi nasema tuna undugu wa mbali zaidi ya hapo. Hapo mwanzo hapakuwa na Kolo, wala Chemba, wala jua. Wewe, huyu ndama, na ule mwamba wenye michoro ya kale kule mlimani, vyote asili yake ilikuwa imebanana mahali padogo kuliko punje ya uwele, moto mtupu. Ikatawanyika. Haidrojeni iliyomo kwenye maji ya ndoo hii ilitokea wakati ule, nyota ya kwanza haijawaka. Ni kongwe kuliko jua! Sisi tumechimba shimo tu. Nani hapa aliyeyazaa maji?"

"Na mtama wangu ulioliwa, nao ulikuwamo humo?" Msafiri aliuliza. Watu walicheka, yeye hakucheka.

"Ulikuwamo. Na walioula walikuwamo. Uchungu wako naujua, nililima nawe shamba lile. Lakini hawa wana nguvu gani ya kung'oa bua? Mnawalipisha kiu kwa shibe ya wengine."

Hapo Mazengo akasogea, akajiegemeza kwenye fimbo yake. "Mzee, kama kweli mimi ni mtani wako, siku ukifa nitafanya wanavyofanya watani msibani: nitalala kaburini mwako. Sitoki mpaka nipewe jogoo."

Watu wakamgeukia Msafiri.

"Utatangulia wewe, mbwa koko!" Msafiri akafoka. "Na fimbo hiyo nitairithi mimi!"

Joha alikuwa wa kwanza kuangua kicheko, na wengine wakafuata, kwa kuwa kila mmoja alijua alichosikia: mwenyekiti amejibu kama mtani. Msafiri mwenyewe alijua. Akakohoa, akatazama kando, akajikaza.

"Sheria ni sheria," alisema. "Niliinyooshea mkono, siwezi kuivunja."

"Mimi sikuinyooshea. Ila sitaikimbia."

"Naima." Sasa aliteremsha sauti. "Nyanya zako zimetoa maua. Zamu mbili ukizikosa, hazifiki mavuno."

Naima aliiona bustani yake, matuta aliyoyalima peke yake, maua madogo ya njano aliyokuwa akiyakagua kila asubuhi kabla ya chai.

"Najua, ba'mdogo. Naomba unipishe."

Msafiri akapisha.

Naima alifungua bomba, akajaza ndoo, akaiinamisha. Ndama wa kwanza alitia pua, akapuliza, akanywa. Ilipokauka akaijaza tena kwa ajili ya wa pili.