Tairi za Marehemu Bwire

Siku ya kumi na mbili baada ya ajali, Justine alivaa gauni lake la gomesi la zambarau, akafunga mshipi, ukafunguka. Akafunga tena, ukafunguka tena. Nje shemeji yake Paddy alikuwa anapiga honi, maana gari la kukodi lilikuwa limekwisha fika na safari ya Molo, kijiji cha huku huku Uganda, si ya kuchezea. Unatoka Busia, unapita Tororo, ndipo unaanza kuitafuta.

Walikuwa wanakwenda kuomba msamaha kwa wakwe. Aliyeumia ni Aanyu, mama yake Shallon, na Shallon ndiye mke wa mwana wa Justine. Bega lilivunjika. Aliyetakiwa kuomba msamaha ni Badiru, dereva. Na aliyekosa ni Justine mwenyewe, ila hilo walilijua watu wawili tu: yeye, na Opolot fundi wa tairi.

Mambo yalianza hivi. Mumewe, marehemu Bwire, aliacha gari, na gari lile lilikuwa na tairi nne alizozinunua mwezi mmoja kabla ugonjwa haujamlaza. Alizichagua mwenyewe, akizigonga kwa vifundo vya vidole kama mtu anayechagua fenesi sokoni. Alipofariki, Justine alilitunza gari kama alivyotunza kitanda, mwaka baada ya mwaka. Jumapili Badiru aliitwa kumpeleka kanisani na kumrudisha. Siku nyingine zote lilikaa chini ya kibanda cha mabati, ubavu wa kushoto ukitazama jua la mchana. Jumamosi alizisugua tairi kwa brashi na sabuni, moja baada ya moja, na kuisugua moja tu kulimchukua muda wa sufuria ya maharagwe kuanza kuchemka. Meno ya mpira yalikuwa marefu, hayajalika. Nani angeziita nzee?

Opolot aliziita. Alikuja siku moja kutia upepo, akachuchumaa kando ya tairi.

"Mama, hii gari inakwenda kanisani kuliko padri," alisema. "Lakini njoo uone."

Akaweka kidole ubavuni mwa tairi, kwenye namba nne zilizochongwa ndani ya kiduara. Mbili, tatu, moja, nne.

"Wiki ya ishirini na tatu, mwaka wa elfu mbili na kumi na nne. Hapo ndipo ilipozaliwa. Sasa hesabu mwenyewe."

"Lakini haijatembea, baba. Tazama meno."

"Meno wachana nayo. Tairi inazeeka hata ikiwa imelala. Wewe hujaona ndala iliyosahauliwa juu ya mabati? Hakuna mguu ulioivaa, na siku ukiikunja, inakatika." Akaubonyeza mpira, na nyufa zikafunguka, nyembamba, nyingi, kama kisigino cha mtu wa jembe. "Ile ya nyuma kushoto ndiyo mbaya zaidi. Kwa mwendo wa kanisani itakuvumilia. Barabara kubwa, na jua, na watu ndani, hapana. Toa zote nne."

Justine alisema atafikiri. Watoto wake wangenunua nyingine siku hiyo hiyo, walikuwa wamekwisha jitolea. Tatizo lilikuwa kwamba Bwire alizigonga zile kwa mkono wake, na mkono ule haupo tena wa kugonga nyingine. Haya hakumwambia mtu.

Wiki tatu baadaye Aanyu akaja Busia kumwona mjukuu. Akakaa siku nne, akala vizuri, akacheka vizuri. Siku ya kurudi, Justine akaona haya kumwacha mkwe apande gari la abiria na kubanwa kama gunia la mkaa. Akasema atarudishwa kwa gari la nyumba, aingie kwake Molo majirani wakiona.

Alfajiri ya siku hiyo alichukua kopo la rangi nyeusi ya viatu na kitambaa cha fulana. Akachuchumaa na magoti yake mabovu, akazipaka tairi zote nne. Alipofika ile ya nyuma kushoto alipaka mara mbili, na rangi iliingia ndani ya nyufa ikazijaza. Alijiambia ni kwa ajili ya urembo. Mkono wake ulijua ulichokuwa unafanya.

Badiru alipofika alizunguka gari, akapiga mluzi. "Mama, leo tunaoa? Hizi tairi zinang'aa kuliko viatu vyangu vya Idi." Kisha akauliza kama dereva: "Zina umri gani?"

"Hazijatembea," alijibu Justine. "Ni kanisani na kurudi tu."

Hakudanganya. Wala hakujibu.

Ile ya nyuma kushoto ilipasuka wakiwa wamebakiza kidogo kufika Tororo. Badiru aliushika usukani mpaka gari likatulia ndani ya shamba la mihogo, halikupinduka. Aanyu alirushwa akagonga mlango. Paddy alikwenda kulivuta gari, akaokota vipande, akarudi akitikisa kichwa: "Meno marefu namna hii! Tairi mpya haipasuki bure. Yule kijana alikimbiza gari." Neno hilo likatoka uani likafika sokoni, na kutoka sokoni likafika steji, ambako Badiru alisubiri abiria, na wenzake wakaanza kumwita ndege. Maharusi wawili waliokuwa wamemkodi awaendeshe walikwisha mwacha. Akina mama wa kanisa wakatafuta dereva mwingine. Opolot alipoulizwa alisema tu, "Mwenye gari ndiye mwenye maneno," akaendelea na jeki yake. Na mwenye gari alinyamaza, siku moja, mbili, mpaka kumi na mbili. Kila siku iliifanya ile iliyofuata kuwa ngumu zaidi.

Huko Molo, siku hiyo ya kumi na mbili, waliketi uani, wageni upande mmoja, wenyeji upande mwingine. Aanyu alikuwa kwenye kiti chenye mto, mkono umefungwa kifuani. Mumewe, mzee Otai, hakuzungusha maneno.

"Wakwe, karibuni. Hatutaki ng'ombe, hatutaki mbuzi. Kijana apige magoti aseme alikimbia, kana kwamba Molo ingefungwa saa sita. Basi. Tutakula."

Badiru alisimama. "Mzee, magoti nitapiga. Mama huyu aliumia mikononi mwangu. Lakini kusema nilikimbia, hapana. Sikukimbia."

"Badiru, sema tu yaishe," Paddy alimnong'oneza.

"Yaishe kwenu. Kwangu ndiyo yanaanza."

Hata hivyo alianza kuinama. Goti moja lilikuwa limegusa udongo Justine aliposikia sauti yake mwenyewe.

"Inuka, mwanangu. Tairi zilikuwa mbovu na mimi nilijua."

Akaeleza yote. Namba nne. Ndala juu ya mabati. Rangi ya viatu, na kwamba alipaka mara mbili, kwa sababu alitaka hata hilo dogo lisibaki ndani. Paddy aliinamisha uso. Kuku walipita katikati ya watu na hakuna aliyewafukuza.

Aanyu ndiye aliyeuliza. "Kwa hiyo ulipaka rangi kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako, mkwe. Na kwa ajili ya kuficha."

"Mimi visigino vyangu vina nyufa kuliko tairi yoyote, nawe uliviona siku nne nzima." Aanyu alitaka kucheka, bega likamkataza. "Ungeniambia. Ningepanda gari la abiria."

Justine akamgeukia Badiru. Alitegemea nini hata yeye hakujua. Badiru alikuwa amesimama, anapangusa goti la suruali, polepole, mpaka udongo wote ukaisha.

"Jumanne nilikuja kwako," alisema. "Ukanipikia chai. Ukaniuliza kama nalala usingizi."

"Nisamehe, baba."

"Mama, pole yako ya Molo itabaki Molo. Mimi nakula Busia. Njoo steji, useme hivi hivi, mbele ya wale wanaoniita ndege."

Waliporudi Busia, Justine hakulala vizuri. Jumatatu asubuhi alikwenda steji kwa miguu. Madereva walikuwa wanakunywa chai, mmoja amelala ndani ya gari miguu nje. Badiru alikuwa ameegemea nguzo, hakumsalimia, hakumkimbia.

"Jina langu Justine, mke wa marehemu Bwire," alianza. "Nimekuja kusema juu ya ajali ile. Tairi zilikuwa mbovu, na nilikuwa nimeambiwa..."

"Mama, sisi huku nyuma hatusikii!" mtu alipiga kelele.

Yule wa miguu nje akaamka, akakaa. Wengine wakasogea na vikombe vyao. Justine akasubiri wote wafike, akaanza tena tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi.