Kichwa cha Mgeni

Ingunn aliamshwa na harufu. Ilikuwa harufu nzuri, ya chewa anayechemka pamoja na maini yake, na katika meli ile iliyokuwa ikiyumba katikati ya Bahari ya Barents kila mtu aliifurahia isipokuwa yeye. Alikaa kitandani akinusa kama paka, kisha roho ikamruka. Akatoka mbio na soksi.

"Torleif! Yule chewa mkubwa wa kwenye friza yako yuko wapi?"

Mpishi, mzaliwa wa kisiwa cha Senja, aligeuka akiwa anachekelea. "Yuko mezani, dada. Asante sana! Chewa kama yule kwetu hata harusini humpati."

"Nani kakwambia umpike?"

"Si umemtia friza ya jikoni? Kinachoingia humo ni cha sufuria. Imeanza lini kuwa vingine?"

Hiyo ndiyo desturi ya kila meli ambayo Ingunn aliwahi kupanda, na yeye mwenyewe alishawahi kumfokea mwanafunzi kwa kosa hilohilo. Lakini friza ya maabara ilikuwa imejaa kamba na pweza hadi mlangoni, akaona amhifadhi samaki wake kwa mpishi, alale kidogo tu. Akili za mtu mwenye usingizi hizo.

Na hakuwa samaki hivihivi. Asubuhi ile wavu wa juya ulimleta akiwa na kitambulisho chekundu mgongoni, chenye herufi za Kirusi, ambacho Ingunn alikitoa akakitia mfukoni. Zoya Arkadyevna, mtafiti mwenzake kutoka Murmansk, alikuwa amewalea vifaranga wa chewa miaka ya nyuma, akawafunga vitambulisho walipotimiza mwaka mmoja, akawaachia baharini. Hakurudi hata mmoja. Ingunn alitaka kumshtua kwa furaha atakapoamka.

Tena kulikuwa na jambo zito zaidi ya furaha. Umri wa chewa husomwa kwenye vijiwe viwili vilivyomo kichwani mwake, ambavyo huongeza pete moja kila mwaka. Karibu na kiini kuna pete nyembamba. Wanorwe, Ingunn akiwa mbele yao, waliihesabu kuwa mwaka. Warusi walisema ni alama tu ya shida za utotoni. Kwa ajili ya kipete hicho Ingunn na Zoya walikuwa wamebishana kila safari, na sasa wakubwa wao walikuwa wamechoka: msipokubaliana, mwakani kila nchi na meli yake. Ingunn alimpenda yule mama. Kusafiri bila yeye, nani angemtania?

"Na kichwa je?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kichwa kikubwa ni cha mgeni. Unanionaje wewe, mimi sina adabu?"

Kwenye chumba cha kulia, Zoya alikuwa amekunja mikono ya sweta, anafyonza mifupa kwa raha zake, macho kayafumba.

"Usimeze!" Ingunn alipiga kelele.

"Hee! Hata salamu hakuna? Nina njaa, mwanangu, niache."

Ingunn akaweka kitambulisho chekundu kando ya sahani. Zoya alikitazama, akakitazama tena, halafu akafuta vidole polepole kimoja kimoja. Machozi yakamtoka.

"Wangu huyu?"

"Wako. Nisamehe, Zoya Arkadyevna. Mimi ndiye niliyemweka jikoni."

"Nimlee mimi, nimle mimi," alisema Zoya, na kilio kikageuka kicheko. "Angalau hakuliwa na mtu baki. Lete kisu."

Wakalipasua fuvu palepale katikati ya viazi, Torleif akichungulia huku jasho linamtoka. Kijiwe cha kwanza kilitoka kizima, cheupe. Cha pili kilikuwa kimejificha kwenye mifupa ambayo Zoya alikwisha kuifyonza. Wakapeleka cha kwanza maabara, wakakivunja katikati, wakakiweka chini ya hadubini.

"Hesabu wewe," alisema Zoya. "Nikihesabu mimi, watasema najipendelea."

Ingunn alihesabu, akarudia. Pete zilikuwa wazi, na kile kipete kilikuwepo, kimetulia.

"Kumi, pamoja na kile kipete."

Zoya akavuta pumzi. "Nilipomfunga kitambulisho alikuwa wa mwaka mmoja. Mimi nilikuwa na tumbo hili hapa, nikamzaa Larisa wiki ileile. Larisa ana miaka minane."

Minane na mmoja, tisa; ya kumi ilikuwa kile kipete. Ingunn hakuhitaji karatasi. Uso ulimwaka moto, kisha, kwa mshangao wake mwenyewe, akajisikia mwepesi kabisa.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikiwazeesha chewa wa watu."

"Hawajawahi kulalamika," alisema Zoya.

"Wakubwa watalalamika. Nitawaandikia leo kwamba pete ile haihesabiwi, na jina langu litakuwa juu ya lako."

"Juu? Umeshindwa, bado unataka juu?"

Torleif, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaangua kicheko, akauliza kama sasa watu wanaweza kula, maana viazi vinapoa.

Zoya alivifunga vile vipande viwili vya kijiwe cha kwanza kwenye leso yake. Kijiwe cha pili, kile kizima, alikiosha bombani, akakikausha kwenye sweta, akakitia kwenye kiganja cha Ingunn na kukifumba.

"Hiki kikae kwenu Tromsø," alisema. "Mwakani, ukipanda meli, uje nacho. Mimi nitakuja na changu."