Mapigo ya Aliyeshiba

Kazini walimwita Daktari wa Mito, kwa utani tu, maana mtu mzima na shahada yake alikuwa anashona mito. Lakini mito yake haikuwa ya kulalia. Ukivaa bangili yake, inasoma mapigo ya moyo wako na kuyatuma. Aliye mbali akikumbatia mto, unamdunda kifuani vilevile, kana kwamba yuko karibu nawe.

Mto wa kwanza alimpa mama yake. Bangili akavaa yeye, ikamwasha vibaya. Basi mchana mmoja akarekodi mapigo yake, akayaacha yajirudie yenyewe, akaivua. Alijiambia ataivaa tena kesho. Kesho hiyo haikufika.

Leo kazini kulikuwa na wageni, na bosi alimwalika mama atoe ushuhuda. Alisimama na gauni lake la kutokea, mto kifuani.

"Siku mume wangu alipopasuliwa, nilikaa na mto huu kwenye benchi la hospitali. Roho ilikuwa juu juu. Lakini moyo wa mwanangu huyu ulikuwa umetulia, du, du, kana kwamba hakuna kitu. Nikasema, mtoto kajikaza, nami nijikaze. Mpaka leo sijawahi kulia mbele yake. Naona haya."

Wageni wakapiga makofi. Daktari wa Mito alitamani ardhi ipasuke immeze. Siku ile alikuwa amejifungia stoo, analia mpaka kamasi zinamtoka. Baba alipona, lakini tangu hapo mama kwenye simu ni "hatujambo, mwanangu," basi. Naye akadhani mama ana moyo mgumu.

"Vaa bangili, wageni waone," bosi akasema.

Angeweza kuyaacha yale mapigo ya kurekodi yaendelee, na hakuna ambaye angejua. Akayazima. Akavaa bangili, na mto ukaanza kudunda mbio kifuani kwa mama.

"Wewe! Una nini?"

"Huu ndio moyo wangu, mama. Ule uliokuwa unausikia niliurekodi. Bangili ilikuwa inaniwasha. Siku ile ya baba nilikuwa nalia."

Bosi akavua miwani.

"Ule uliurekodi lini?" mama akauliza taratibu.

"Mchana mmoja tu. Nilikuwa nimetoka kula."

Mama aliutazama mto.

"Kwa hiyo mimi nakufa kwa hofu pale benchini, kumbe nimekumbatia shibe yako."

Mgeni mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mama hakucheka. Aliuweka mto kitini, akauegemeza vizuri kama mtoto, akachukua mkoba wake akatoka.

Daktari wa Mito alipiga hatua moja kumfuata, akasimama. Bangili ikaanza kumwasha. Hakuivua. Pale kwenye kiti cha mama, mbele ya wageni wote, mto uliendelea kudunda mbio.