Simu Kama ya Zumrad

Picha za Zumrad ndizo zilizonitia wazimu. Yeye mwenyewe ningemvumilia. Ni mke wa shemeji yangu mdogo, aliletwa uani kwetu miaka miwili iliyopita kutoka Kokand, msichana mwembamba anayecheka huku amefunika mdomo. Kwetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi, kwa hiyo Zumrad ndiye aliyekuwa akimpelekea baba mkwe chai ya asubuhi. Chai nilimwachia. Mimi na mume wangu Rahmatilla tunakaa vyumba vya upande wa pili wa ua, tuna watoto watatu, na sikuwa na haja ya kugombea birika.

Lakini vitambaa! Kuuza vitambaa ilikuwa kazi yangu. Baba mkwe, Fundi Mirzaolim, anafuma atlasi, hariri yetu ya rangi na maua, kwa mkono hapa Margilan tangu hajaota ndevu, na kwa miaka minane mimi ndiye niliyekuwa nikiiuza kazi yake Telegram, kwa simu yangu ya Android yenye mkwaruzo kwenye jicho la kamera. Wateja walishanizoea. Nikituma picha yenye ukungu, wananiandikia, "Dada Hurinisa, futa kioo," tunacheka, wananunua.

Zumrad alikuja na iPhone. Kaka yake anafanya kazi Korea, alimtumia kama zawadi ya arusi. Mwanzoni alipiga picha za maua na za paka. Kisha akapiga kitambaa kimoja, akamwonyesha Baba, na Baba akamwambia, "Basi na wewe uza, mwanangu." Hivyo tu, kama mtu anayemkaribisha mgeni kipande cha mkate. Kufika majira ya zabibu, vitambaa vyake vilikuwa vikiondoka siku ileile anapovitangaza, na vyangu vimekunjwa vinanitazama.

Nilikuwa nikijificha jikoni kuangalia chaneli yake. Nyekundu yake ilikuwa nyekundu kweli. Hariri inang'aa, unaona uzi kwa uzi. Nikifungua zangu, naona kama nilivipiga vikiwa ndani ya maji ya kuoshea vyombo. Roho iliniuma, sifichi. Iliniuma mpaka nikikata karoti za palov, wali wetu wa nyama, nazikata vipande vinene kama magogo, na Rahmatilla anauliza leo tunapikia ng'ombe au watu.

Mama mkwe alipofariki, ufunguo wa sanduku la vitambaa ulibaki kiunoni mwa Baba. Anayeshika ufunguo huo ndiye mwanamke wa nyumba: anajua kilichopo, anaamua kiende kwa nani, na mafundi wa cherehani wa Tashkent wanalitaja jina lake pamoja na la mfumaji. Mimi ni mke wa mtoto mkubwa. Nilikuwa nikingoja tu niitwe. Badala yake, siku moja tukiwa tumekaa wote kwenye jukwaa la uani, Baba akasema:

"Wateja wanachanganyikiwa. Huyu anatangaza hiki, yule anatangaza kilekile. Siku ya Navruz, mwaka mpya ukiingia, ufunguo nitampa mmoja wenu. Yule ambaye kazi yangu inatoka vizuri mikononi mwake."

Hakusema mkubwa. Nilisubiri aseme, akachukua chai yake akanywa. Zumrad akainamisha macho, na mimi nikaona, au nilitaka kuona, kwamba anatabasamu.

Wiki hiyohiyo niliuza hereni zangu za arusi, nikanunua iPhone. Rahmatilla aliponiona nayo alikaa chini.

"Hereni alizokupa mama, Hurinisa?"

"Mama angenielewa."

"Na ile simu nyingine ina ubaya gani? Inapiga, inapokea."

"Haipigi picha!"

"Inapiga. Juzi umenipiga mimi."

"Ulitoka kama mbuzi."

"Mimi ndivyo nilivyo," alisema, akarudi kufunga nyuzi zake za kutiwa rangi.

Kuhama kutoka simu moja kwenda nyingine si kama kuhamisha magodoro. Kitufe cha kurudi nyuma hakikuwepo. Nilikitafuta chini, nikakitafuta pembeni, nikawa nakwama ndani ya kila nilichofungua kama kuku aliyeingia chumbani. Picha zangu za miaka minane zilikuwa kwenye kadi ndogo, na simu mpya haikuwa na mahali pa kuiingizia. Ilibidi, kwa ulimi wangu huuhuu, nimwombe Zumrad anisaidie.

"Zumrad, hii kitu inarudije nyuma?"

"Ee, dada! Umehamia kwetu?" Alifunika mdomo. "Vuta kidole kutoka pembeni. Si hivyo, unaikwaruza. Taratibu, kama unamfuta mtoto kamasi."

"Najua kumfuta mtoto kamasi. Ninao watatu."

Aliondoa kidole chake kwenye simu yangu. Yeye bado hajapata mtoto, na nilijua. Nilirudi upande wangu nikijiona mbaya, lakini si mbaya sana.

Picha ya kwanza niliipiga asubuhi, kitambaa nimekitandika kwenye kamba chini ya mzabibu. Nilipoiona nilikaribia kulia kwa furaha. Mng'ao wote ule, wangu! Nikaiweka chaneli, nikakaa kungoja. Kikauzwa kimoja. Siku hiyo Zumrad akauza vitatu.

Hapo ndipo nilipoanza kulinganisha kwa ukaidi, simu yangu mkono huu, chaneli yake mkono ule. Simu ni za aina moja, kitambaa kimefumwa na mtu yuleyule. Kwa nini chake kinavuta macho? Nikaamua kwamba tatizo ni kingo. Atlasi yetu nyuzi zake hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, kwa hiyo nyekundu haikomi wima mbele ya nyeupe, hutambaa kidogo na kuingia. Kwenye simu yangu mpya huko kutambaa kulionekana waziwazi, na mimi, mwanamke niliyeishi na hariri hiyo miaka kumi na mitatu, nikatazama nikaona uchafu. Nikaona kama mtu aliyepaka wanja kwa mkono unaotetemeka.

Ndani ya simu niligundua sehemu ya kurekebisha picha, na humo kuna mstari wa kuongeza ukali. Niliuvuta hadi mwisho. Kingo zikasimama sawasawa, kama zimekatwa kwa mkasi. Nikaongeza rangi. Nikasema moyoni, haya, Zumrad, cheka sasa. Kwa muda wa mwezi mzima sikuweka picha ambayo sijaipitisha hapo.

Wateja wangu wa zamani wakawa kimya. Nikadhani wamehamia kwa Zumrad, nikazidi kuvuta ule mstari.

Siku mbili kabla ya Navruz, saa nne asubuhi, mwanamke mmoja aliingia uani kwetu bila kuvua hata koti. Alikuwa Komila, fundi wa nguo za maharusi kutoka Tashkent, ambaye amekuwa akinunua atlasi ya Baba tangu enzi za mama mkwe. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kitanda cha kufumia.

"Fundi Mirzaolim, siku hizi unachapisha?"

Baba alisimamisha mguu juu ya kanyagio. "Nachapisha nini?"

"Vitambaa. Kwenye kundi letu la mafundi picha hii inazunguka wiki ya pili. Wanasema mzee amechoka, sasa ananunua vya kiwandani anavipa jina lake. Mimi nimebisha mpaka sauti imekauka. Hebu tazama mwenyewe, ua ni lako, hilo la komamanga hakuna mwingine anayelichora. Lakini kingo hizi, rangi haijatambaa hata kidogo! Hii imepigwa na mashine, baba yangu. Mtoto anajua."

Picha ilikuwa imetumwa kutoka mtu hadi mtu, jina la chaneli halikuonekana. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la ngano iliyochipua kwa ajili ya sumalaki, uji mtamu wa Navruz, na niliijua picha hiyo kabla sijasogea. Baba aliishika simu ya Komila mbali na uso, kama wazee wanavyofanya, akaitazama muda mrefu.

"Zumrad!" aliita. Hakuniita mimi. Katika kichwa chake, picha za kung'aa zote ni za Zumrad. "Hii ni kazi yako?"

Zumrad alitoka na taulo mkononi. Aliitazama picha, kisha akanitazama mimi. Alijua mara moja. Na mimi nilifanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa naosha vyombo nasimama: nilinyamaza. Nilihesabu moyoni, Baba amekasirika, Navruz ni keshokutwa. Nilishikilia beseni langu nikamwacha mtoto wa watu asimame mbele ya mzee aliyekunja uso.

Hakunitaja. Alitoa simu yake mfukoni, akaifungua, akampa Baba. "Zangu ni hizi, Baba."

Baba akaanza kuzipitia kwa kidole chake kilichokaukiwa na rangi. Komila akachungulia begani. Nami nikasogea, miguu ilinipeleka yenyewe. Nilikuwa nimeziona picha zile mara mia, jikoni, kwa hasira, na sikuwa nimeziona. Kila picha ilikuwa imepigwa kwa karibu, mahali palepale, nyekundu inapoingia kwenye nyeupe. Ile niliyoiita uchafu ndiyo aliyoiweka katikati.

"Ee, hii ndiyo mimi," alisema Baba, na sauti yake ikalegea. "Hapa rangi imetembea. Umepiga palepale nilipokuambia."

"Ndipo ulipokuwa ukinionyesha wakati wa chai, Baba," alisema Zumrad. "Kila kitambaa nilikuuliza nianzie wapi."

Komila akavuta pumzi. "Sasa hii ndiyo hariri. Na ile nyingine?"

Hapakuwa na pa kukimbilia. "Ni yangu," nilisema. "Mimi ndiye niliyeirekebisha kwenye simu."

Baba alinigeukia. Nilitaka apige kelele. Rahmatilla alikuwa ameshatoka na nyuzi mkononi, na angalau mume wangu angenitetea. Baba hakupiga kelele.

"Kwa nini?"

"Nilitaka zionekane safi."

"Kwani zilikuwa chafu, Hurinisa?"

Komila alitazama viatu vyake. Baba akarudi kwenye kitanda chake, akakanyaga, na mlio wa mbao ukaanza tena.

Siku ya Navruz, sumalaki ikiwa bado inafuka kwenye sufuria kubwa na jirani zetu wakiwa wamejaa uani, alimkabidhi Zumrad ufunguo. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Makofi yangu yalikuwa na nguvu kuliko ya mtu yeyote, na nilimwonea gere hata wakati huo, nisimdanganye mtu. Nilimwonea gere ya ufunguo, ya simu, ya shingo yake ndefu alipoinama kuupokea, na zaidi ya yote ya zile chai za asubuhi nilizomwachia bila kufikiri.

Wiki iliyofuata nilifuta picha zote za mwezi ule. Niliwaandikia wateja wangu kwamba kosa ni langu, kwamba Fundi Mirzaolim hajawahi kuchapisha hata leso. Wengine walijibu, wengine hapana. Kisha nikatoa kitambaa kimoja, kile cha ua la komamanga, ili nikipige upya jinsi kilivyo. Nilichemsha chai mwenyewe, nikaipeleka kwenye kitanda cha kufumia, kitambaa begani, simu mkononi. Nilisubiri amalize mstari. Nilikuwa nimekaa katika nyumba ile miaka kumi na mitatu, na nilikuwa nikipanga maneno moyoni kama bibi harusi wa siku ya kwanza.

"Baba," nilisema, "kitambaa hiki nianzie wapi?"

Alipokea chai, akanywa kidogo. Hakuwa na hasira. Hakuinua hata macho kutoka kwenye nyuzi.

"Muulize Zumrad, mwanangu," alisema. "Yeye anajua."

Nikavuka ua kwenda kubisha mlango wake.