Mstari Usio na Namba

Programu niliyokuwa nayo ilikuwa na mistari minne tu. Sauti ikirekodiwa hulala kwenye mstari wake peke yake, na ukitaka kuipandisha au kuishusha, unaigusa hiyo bila kuzigusa nyingine. Toleo la kulipia lina mistari mingi kadiri utakavyo. Toleo la bure, ambalo nililiweka kwenye kompyuta yangu kwa ajili ya kwaya ya wanafunzi, hukataa mstari wa tano. Ukihitaji nafasi zaidi, ni lazima uiunganishe ile minne iwe mmoja, na ikishaunganishwa haitengani tena.

Levina alipokuja kuniomba msaada, sikumweleza haya. Nilimjibu tu, "Inawezekana."

Levina ni mfugaji wa nyuki wa Ipole, na ndiye mwimbishaji wa kwaya ya Moravian kijijini hapo. Alikuwa na rovu shingoni ambalo kwa miaka mitatu alilifunika kwa kitambaa, hadi likaanza kumbana pumzi. Daktari wa Mwanza alimpa siku ya upasuaji, Jumatano, na hakumficha kitu. Alimwambia kwamba neva inayoendesha sauti hupita karibu kabisa na mahali pa kukata, na kwamba wapo wanaoamka na sauti yao, na wapo wanaoamka na nyingine.

"Kisu chenyewe sikiogopi, Mwalimu," aliniambia. "Naogopa Recheli asije akanisahau. Ana miaka mitano. Mimi uso wa marehemu mama naukumbuka vizuri, lakini sauti yake hapana. Nikiitafuta siipati. Nataka mwanangu anisikie nikiwa mimi."

"Peke yako, au pamoja na kwaya?"

"Na kwaya. Bila kwaya si mimi."

Jumamosi asubuhi nilitoka Tabora kwenda Ipole. Kanisa lina mwangwi mkubwa, na programu ya bure haina namna ya kuuondoa, kwa hiyo tulirekodia ndani ya bani la Amon, kiongozi wa besi. Bani la kukaushia tumbaku huwa tupu mwezi wa Novemba. Kuta zake ni za udongo mnene, na tulipotundika magunia pande zote, sauti ilitulia kana kwamba mtu anaimba ndani ya shuka. Umeme tuliupata kwenye betri ya sola ya Amon.

Hedifoni nayo ilikuwa moja tu. Nikapanga hivi: Levina angeimba kwanza ili awe mwongozo, kisha kila kundi lingeingia kwa zamu yake. Kiongozi wa kundi angevaa hedifoni, amsikilize Levina, na kuwaongoza wenzake kwa mkono. Wenzake wasingesikia kitu chochote isipokuwa sauti zao wenyewe, nao wangeufuata mkono.

"Hii ya kwanza ni ya kuwaongoza wengine tu," nilimwambia Levina. "Haihesabiwi. Ya kwako halisi tutairekodi mwisho, kwa utulivu."

"Kwa hiyo hata nikikosea?"

"Hakuna atakayejua."

Alicheka, akavua viatu, akaegemea ukuta, akaimba kama anavyoimba akiwa mizingani, macho yake yakiwa nje ya mlango. Kati ya ubeti wa pili na wa tatu alimkaripia mtoto wake aliyekuwa akicheza uani. Sikumsimamisha. Nilikuwa nimekwisha kusema kwamba haihesabiwi.

Wakaingia alto, wakiongozwa na Martha. Kisha wakaingia wa tena, wanaume wa sauti ya juu. Mwisho wakaingia besi, na Amon alipovaa hedifoni alikohoa kama mzee wa baraza.

"Besi tupo kamili!" akatangaza. "Mwalimu, na vitambi navyo vinarekodiwa?"

"Chako hakitatosha kwenye mashine," Martha alimjibu kutoka mlangoni.

Walicheka, wakanyamaza, wakaimba, na waliimba vizuri sana.

Sasa mistari minne ilikuwa imejaa, na soprano pamoja na ngoma walikuwa hawajaingia. Nilifanya kama ninavyofanya siku zote. Alto, tena na besi nilizinakili kwenye flashi na kuzipa namba: 2, 3 na 4. Ile ya besi niliikata mwanzoni, kwani sikuona sababu ya kuhifadhi habari za vitambi. Mwongozo wa Levina sikuunakili, wala sikuupa namba. Katika daftari niliandika kiwango cha kila sauti, mwongozo ukiwa chini kabisa, kiasi cha kuwasaidia soprano kuufuata. Kisha nikaiunganisha mistari yote minne kuwa mmoja.

Soprano wakaimba. Ngoma ikapigwa. Mstari wa nne ukabaki mtupu, ukimsubiri Levina.

Alikuwa amesimama tayari mbele ya maikrofoni wakati tone la kwanza la mvua lilipoanguka juu ya bati. Baada ya dakika moja hatukuweza kusikilizana hata kwa kupiga kelele. Tulisubiri saa nzima, kisha nyingine, hadi betri ikaisha na kompyuta ikazimika.

"Usihangaike, Mwalimu," Levina alisema huku akijifunika kitenge kichwani. "Jumatatu napita Tabora, nalala kwa shangazi pale Ng'ambo. Basi la Mwanza ni Jumanne alfajiri. Tutamalizia huko."

Alirudi kwake kwa miguu, na mvua ilikuwa bado haijakatika.

Rafiki yangu Parvez ana duka la kutengeneza simu hapo Ng'ambo, nyuma kidogo ya mafundi bati. Chumba chake cha ndani kina umeme wa uhakika, na aliniachia nikitumie Jumatatu mchana. Saa nane Levina aliingia akiwa amemshika Recheli mkono.

"Shikamoo, Mwalimu," Recheli alisema.

"Marahaba, mama. Hamjambo?"

Levina alifungua kinywa kunijibu, ukatoka upepo. Alijaribu tena. Nikasikia mkwaruzo, kama mtu anayeburuta gunia sakafuni.

"Dada, umemeza nyuki?" Parvez aliuliza kutoka mezani kwake. Alipomtazama usoni, aliacha utani. "Pole sana, dada yangu. Kaa. Nachemsha tangawizi."

Ilikuwa ni mvua ya Jumamosi, na juu yake Jumapili aliimbisha ibada nzima, kwa kuwa wenzake walimwomba wamsikie kabla hajaondoka. Alikunywa tangawizi vikombe vitatu. Tulingoja hadi saa kumi. Sauti haikurudi.

Alinisogelea na kuninong'oneza, "Ile ya kwanza si ipo?"

Ilinibidi sasa nimweleze yale ambayo sikumweleza mwanzoni. Nilimwekea mchanganyiko autegee sikio. Kwaya ilisikika, tena nzuri, na yeye alisikika kwa mbali nyuma ya besi, kama mtu aliye ng'ambo ya shamba. Nikimpandisha yeye, wote wanapanda.

"Na peke yake?"

"Peke yake sikuihifadhi, Levina. Nilisema haihesabiwi."

Hakunilaumu. Alikaa juu ya boksi la redio mbovu, akamvuta Recheli magotini, akaanza kumfungua na kumfunga upya utepe wa nywele, ingawa utepe ulikuwa umefungwa vizuri. "Basi," alinong'ona. Nimefundisha miaka kumi na tisa, na nimeyasikia malalamiko ya kila namna, lakini hakuna lililonichoma kama hilo neno moja lisilo na lawama.

"Nunua ile programu kamili, Mwalimu," Parvez alisema. "Yenye mistari mia."

"Hata ikiwa elfu. Kilichochanganywa kimechanganywa."

"Hapo kweli. Ukishatia sukari kwenye chai, nani ataitoa?"

Nilikuwa nafungua kinywa kumwunga mkono, nikasita. Sukari haitoki kwenye chai. Lakini mchanganyiko wangu haukuwa chai, ulikuwa ni jumla. Sauti nne zilijumlishwa, na tatu kati yake nilikuwa nazo mfukoni, kwenye flashi, zina namba. Mwanafunzi wa darasa la nne anajua kwamba ukiwa na jumla, na ukazijua namba tatu kati ya nne, ya nne huipati kwa kuililia. Unatoa.

"Parvez, punguza hiyo redio."

"Umepata nini?"

"Sijui bado."

Sauti kwenye kioo cha kompyuta huonekana kama vilima na mabonde. Ukizipindua ili kila kilima kiwe bonde na kila bonde liwe kilima, kisha ukazilaza juu ya zile zile za awali, zinamezana na kinabaki kimya. Amri ya kupindua ilikuwamo hata katika toleo la bure. Nilikuwa nimeiona mara nyingi bila kujua inamfaa nani. Nikauweka mchanganyiko kwenye mstari wa kwanza. Alto iliyopinduliwa nikaiweka kwenye wa pili, ya tena kwenye wa tatu, ya besi kwenye wa nne, na kila moja nikaipa kiwango kile kile nilichokiandika kwenye daftari. Mistari minne ilijaa. Safari hii sikuhitaji wa tano.

Nikabonyeza.

Alto hawakuwapo. Wa tena nao hawakuwapo. Levina alikuwapo, ila besi walikuwa wamegeuka kitu cha kutisha, kama watu wanaoimba ndani ya pipa, mara mbili, wakipishana.

Nilimpa Parvez hedifoni. "Jini huyo," alisema.

"Si jini, ni Amon," nilisema, na hapo hapo nikaelewa. Nilipoikata besi mwanzoni kwa ajili ya usafi, niliifanya iwe fupi kuliko ile iliyomo kwenye mchanganyiko, kwa hiyo ilianza mapema. Na katika daftari langu, lenye kila kitu, sikuandika nilikata kiasi gani.

Nikaanza kuisogeza. Kidogo mbele, nikasikiliza. Kidogo nyuma, nikasikiliza. Mafundi bati huko nje walikuwa wakigonga majiko yao, na Parvez alikwenda kuwaomba wapumzike. Sijui aliwaambia nini, lakini waliacha. Levina alikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Kila niliposogeza, besi walipungua, kisha wakarudi, kisha wakapungua zaidi. Saa kumi na moja na nusu, nilipoisogeza kwa unene wa unywele, waliondoka wote, kama mlango uliofungwa bila kishindo.

Kilichobaki ni mvumo mdogo wa mashine na pumzi ya mtu anayejiandaa kuimba.

Nilichomoa hedifoni ili wote wasikie kupitia spika za Parvez. Mwanzoni kabisa, Amon alitangaza kwamba besi wapo kamili na kuuliza habari za vitambi, kwa kuwa kipande hicho nilikuwa nimekikata kwenye nakala ya flashi, kwa hiyo hakikuwa na cha kukimeza. Kisha Levina akaanza. Aliimba ubeti wa kwanza, na sauti ilikuwa ile ya mizingani, haina haraka, haimwogopi mtu. Nilipogeuka, nilimwona amelishika rovu lake kwa kiganja, na mabega yake yakitikisika. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua.

Mambo mengine yalikuwa mepesi. Levina kwenye mstari wa kwanza, sasa kwa kiwango chake cha haki. Alto, tena na besi nikaziunganisha upya bila mwongozo na kuzilaza kwenye wa pili. Soprano kwenye wa tatu, ngoma kwenye wa nne.

"Hapa katikati nitapasafisha," nilimwambia Levina. "Kati ya ubeti wa pili na wa tatu kuna maneno. Nitayakata, na ya Amon pia."

Alitikisa kichwa. Akainama karibu na sikio langu. "Acha."

"Yataharibu wimbo."

"Mwalimu," alinong'ona, "acha. Hapo ndipo nilipo mimi."

Niliyaacha. Nikafungua daftari, na juu ya namba 2, mahali nilipokuwa nimeruka, nikaandika: 1. Levina.

Kisha tukausikiliza wimbo wote, kwaya na ngoma, tangu mwanzo. Recheli alikuwa amekwisha kuchoka na mambo yetu. Alikuwa amekaa kizingitini mwa duka, miguu nje, akipanga vifuniko vya chupa kwenye mwanga wa mwisho wa jua. Ubeti wa pili ukaisha. Ngoma ikashuka. Sauti ya Levina, safi na kali kidogo, ikajaa dukani:

"Recheli! Toka juani!"

Mama yake alikuwa amesimama pembeni yangu, kinywa amekifumba. Mtoto hakugeuka hata kututazama. Alikusanya vifuniko vyake, akaingia ndani hatua mbili, akakaa tena.

"Nimeshatoka, mama," alisema.