Bahasha ya Karani wa Shishiyu

Watu wa Bariadi wanaomfahamu Milembe Maganga wamezoea kuulizwa kama nyumbani kwao kuna bahasha za zamani. Barua ya ndani haimhusu. Anachotafuta ni alama nyekundu iliyokuwa ikigongwa na mashine za maofisini kwenye kona ya juu, pale ambapo wengine walibandika stempu: bei, jina la mji, tarehe, na pembeni tangazo dogo la kampuni. Kwa miaka thelathini na mbili alikaa dirishani posta, bahasha hizo zikipita mikononi mwake bila yeye kuzitazama mara mbili. Alipostaafu ndipo alipoanza kuzitamani. Sasa anazo mia nne na kumi, zimejaza majalada sita.

Moja ilikuwa imemshinda. Kule Mwanza yuko mzee Athanasi, mstaafu wa bima, anayeandaa orodha ya mashine zote za namna hiyo zilizowahi kutumika Kanda ya Ziwa. Milembe alipomwambia kwamba Kiwanda cha Pamba Igembya, hapo hapo Bariadi, kilikuwa na mashine yake, Athanasi alikataa kuiandika.

"Dada Milembe, kumbukumbu siiweki kwenye orodha," alisema kwenye simu. "Nionyeshe bahasha."

"Nitakuonyesha."

"Ulisema hivyo mwaka juzi."

"Na leo nasema tena."

Igembya kilifungwa zamani, na makaratasi yake yalichomwa moto. Lakini Milembe alijua njia za barua. Zilizochomwa ni zile zilizoingia. Zilizotoka zilikwenda kwa makarani wa vituo vya kununulia pamba vijijini. Akaanza kuwatafuta makarani. Huko Nyalikungu alimkuta mama aliyehifadhi mbegu za maboga ndani ya bahasha ya Igembya kabisa, ila kona yenye alama ilikuwa imeliwa na mchwa. Sehemu nyingine aliambiwa zilishatumika kuwashia majiko. Ilikuwa miezi saba ya nauli na vumbi, na wanawe wakaanza kumsema. Mwishowe mtu mmoja akamtajia Ndalahwa wa Shishiyu, "yule wa mizani," na kesho yake asubuhi alikuwa juu ya pikipiki.

Ndalahwa alikuwa akitengeneza ua wa ng'ombe kwa matawi ya miiba. Mzee wa miaka sabini na tano hivi, mrefu, asiye na haraka.

"Mwangaluka, baba," Milembe alisalimia.

"Mwangaluka, mayu. Karibu."

Mkewe, Felisita, alileta viti na uji. Milembe alipoeleza shida yake, mzee aliweka kikombe chini.

"Barua ya Igembya ninayo moja," alisema. "Ni ile ya kunifukuza. Hiyo simwonyeshi mtu." Akanyanyuka, akarudi kwenye miiba yake.

Milembe hakuondoka. Alimsaidia Felisita kupepeta mtama, na Felisita akamsimulia kwa sauti ya chini. Mwaka 1988 Ndalahwa alishtakiwa kwamba alichezea mizani ili kuwapunja wakulima. Aliitwa kikaoni Bariadi, akajitetea, na siku chache baadaye barua ikamkuta. Toka hapo ni "wa mizani" mpaka leo. Binti yao aliposwa, upande wa pili ulilitaja jambo hilo mbele ya wageni.

Milembe alirudi wiki iliyofuata, na nyingine tena. Safari ya tatu Ndalahwa alimtazama muda mrefu.

"Wewe mwanamke huchoki?"

"Nachoka, baba. Nikishalala naamka."

Mzee aliingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki iliyofungwa ndani ya kitambaa. Milembe alinawa mikono kwanza. Alama ilikuwapo, nyekundu kama imegongwa jana: tunda la pamba lililopasuka, maneno NG'OA NA CHOMA MASALIA, na jina la Bariadi. Alisoma tarehe kwa mazoea tu ya kazi: 9 Agosti 1988. Akageuza nyuma. Muhuri wa kupokelea wa posta ya Maswa, zinakopitia barua za Shishiyu: 11 Agosti.

"Kikao chako kilikuwa lini, baba?"

"Ijumaa ya tarehe kumi na mbili. Siwezi kuisahau. Jumapili yake tulikuwa tunambatiza mtoto."

"Barua inasemaje?"

Felisita ndiye aliyeifungua na kuisoma. Iliandikwa tarehe kumi na tatu. Ilianza: kufuatia kikao cha tarehe 12 Agosti, na baada ya kusikiliza utetezi wako.

Milembe aliweka bahasha juu ya kiti kati yao, akaweka kidole kwenye tarehe nyekundu. "Hii barua ilitoka kiwandani siku tatu kabla hujasikilizwa. Mtu aliyeiandika aliweka tarehe ya mbele. Mtu wa mashine hakujua, akagonga tarehe ya siku ile na kuipeleka posta."

Ndalahwa hakuelewa mara moja. Akauliza kama mashine haiwezi kukosea.

"Mashine huwekwa tarehe kwa mkono, inaweza kukosewa. Ndiyo maana nimegeuza nyuma. Maswa wana muhuri wao, na huu haujui lolote kuhusu kiwanda. Wewe ulipokuwa umesimama kikaoni unajitetea, barua yako ilikuwa imelala kwenye mfuko wa posta Maswa."

Felisita aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, akarudi macho yakiwa mekundu. Kisha Ndalahwa akachukua bahasha, akaikunja ndani ya kitambaa chake.

"Hii sikupi, mayu. Leo ndiyo nimeipata."

Milembe alihisi uchungu, tena mwingi. Miezi saba, na kitu chenyewe kilikuwa mbele yake. "Usinipe," alisema. "Nani yuko hai katika waliokaa kikao?"

Alibaki mmoja, Marcelo, aliyekuwa katibu wa kikao, anayeishi Ngulyati. Walimkuta akianika mahindi. Alizishika bahasha na barua karibu na macho, akazirudisha bila kubisha.

"Tulipoingia tuliambiwa barua ipo tayari," alisema. "Mimi niliandika tu maneno yenu. Sikujua imeshatumwa. Lakini nilijua ipo."

"Miaka yote hii," Ndalahwa alisema.

"Miaka yote."

"Utakuja Shishiyu kusema hivyo?"

"Miguu yangu mibovu."

"Pikipiki nitailipia."

Marcelo alikuja Jumapili ya pili. Baada ya misa, nje ya kanisa, akasema alichokisema Ngulyati, hakuongeza wala kupunguza. Wengi wa wakulima wa wakati ule walikuwa wameshakufa. Waliobaki walisogea mmoja mmoja kumpa Ndalahwa mkono. Mmoja alipita bila kusimama, na Ndalahwa akamwacha apite.

Athanasi alisafiri kutoka Mwanza hadi Shishiyu na lenzi yake. Aliipima alama kwa rula, akaipiga picha pande zote mbili, akaandika kwenye orodha: Bariadi, Igembya, imeonekana, bahasha iko kwa Ndalahwa, Shishiyu.

"Umenishinda, dada," alisema. "Pole kwamba haiko kwako."

"Kiwanda hakikuandika barua moja tu," Milembe alijibu. Akamgeukia mwenyeji. "Baba, makarani wenzako wa mwaka ule walikuwa akina nani?"

Ndalahwa aliwataja sita, akihesabu kwa vidole. Wanne walikuwa wameshafariki.

"Na wajane wao wanaishi wapi?" aliuliza Milembe, huku akitafuta kalamu mkobani.